Fishpleti za Mzee Boga

Mzee Boga alipostaafu kazi ya reli alirudi kwao Munje na redio moja, kiti cha kukunja, na kipande cha chuma kizito chenye matundu manne. Chuma hicho alipewa na wenzake wa Voi siku ya kumuaga. Kilikuwa na ufa katikati, na watu wa Munje, ambao treni haipiti kwao, walitaka kujua ni cha nini.

"Ni fishpleti," alisema Mzee Boga.

"Sahani ya samaki?" aliuliza jirani yake, Garama, aliyewahi kufanya kazi katika jiko la hoteli.

Basi Mzee Boga akakaa vizuri akaeleza. Reli haiji ikiwa moja ndefu, alisema. Huja vipande vipande, na pale kipande kinapokutana na mwenzake huwekwa chuma kama hiki ubavuni, kimoja upande wa ndani na kimoja upande wa nje, kisha vikafungwa pamoja kwa boliti nne. Alieleza kwa mikono yote miwili, kidole cha huku kikikutana na kidole cha kule, mpaka Garama akatikisa kichwa kwa heshima.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyekuwa ukiifunga reli," alisema Garama.

Mzee Boga angeweza kusema hapana. Alikitazama kile chuma, akapangusa vumbi ambalo halikuwapo, akasema, "Kazi ya reli ni kubwa."

Hilo halikuwa uongo. Lakini tangu siku hiyo reli ikaanza kujengwa upya pale barazani kwake. Mwaka wa kwanza Mzee Boga alikuwa amefunga viungo vichache karibu na Voi. Mwaka wa pili alikuwa na genge la watu kumi na sita chini yake. Kufikia mwaka wa nne alikuwa amewahi kusimamisha treni ya mizigo kwa kupunga kanzu yake, kwa sababu ya kiungo kimoja kilicholegea ambacho yeye peke yake alikisikia.

Mkewe, Hafsa, alijua ukweli wote. Mumewe alikuwa mtunza stoo. Kwa miaka ishirini na tisa alisimama nyuma ya dirisha lenye nondo, akiwapa watu boliti, nati, spana na fishpleti, na akipokea vilivyovunjika. Hakuwahi kufunga reli hata moja. Hafsa hakumuumbua mbele ya wageni. Alingoja waondoke, akaja kukusanya vikombe vya kahawa, akauliza kwa upole, "Leo mmefika wapi, Baba Feisal? Jana niliwaacha Mtito Andei."

"Mama Feisal, nipishe," Mzee Boga alikuwa akijibu, huku akiifungua redio.

Mambo yakaenda hivyo mpaka Ijumaa moja baada ya sala, alipokuja Twaiba, binti wa dada yake Mzee Boga. Twaiba alifanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Diani. Aliwaamkia wote wawili, akakaa, na kabla hajapewa maji akaanza kusema.

Hoteli yao ilikuwa imetandaza reli ndogo. Ilianzia stoo iliyo karibu na lango, ikapita bustanini, ikateremka hadi mkahawa wa ufuoni, yapata mita mia mbili. Juu yake kilipita kigari cha umeme cha kubebea mizigo na wazee wasioweza ngazi. Wageni walikipenda sana kwa wiki mbili. Halafu kikaanza kuruka nje ya reli, kila mara adhuhuri, kila mara kwenye viungo.

"Juzi kilikuwa kimebeba keki ya arusi, mjomba. Ya ghorofa tatu."

"Ikawaje?" aliuliza Hafsa.

"Bwana arusi alikula alichopata kwenye majani." Twaiba akamgeukia mjomba wake. "Nimemwambia meneja kwamba ninaye mjomba aliyejenga reli ya Mombasa. Wanaleta gari kesho saa mbili asubuhi."

Mzee Boga alilishika goti. Alisema goti lake halikuwa zuri siku hizi. Alisema pia kwamba reli za hoteli na reli za treni ni mambo mawili mbalimbali. Kutoka jikoni, Hafsa alikokwenda kuchukua maji, ilisikika sauti ya mtu anayejizuia kucheka na kitamutamu cha ladu ya moto kinywani.

"Mwambie meneja wako na mimi nitakuja," Hafsa alisema alipotoka. "Nimeolewa na mtu wa reli miaka thelathini na saba, na sijamwona kazini hata siku moja."

Kesho yake gari lilikuja. Mzee Boga alikuwa amevaa shati la kaki la kazini, lililofuliwa na kupigwa pasi, na begani mkoba wenye ile fishpleti yenye ufa, imefungwa kwa kitambaa. Hakujua aliibebea nini. Ilimpa moyo tu, ingawa ilimvuta bega upande mmoja.

Aliyewapokea alikuwa Gilbert, fundi mkuu wa hoteli, kijana mrefu kutoka Kitale mwenye adabu na macho mekundu ya kukosa usingizi. "Karibu, mzee. Hii reli imenitesa. Hivi vyuma vya kuunganisha nilikata mwenyewe, bapa tu, matundu mawili mawili. Sijui nimekosea wapi."

Hafsa alipewa kiti chini ya mwavuli na bilauri ya maji ya ukwaju. Alikaa kama mtu aliyelipia tiketi.

Mzee Boga aliweka mikono nyuma. Hivyo ndivyo alivyowaona wanyapara wakitembea. Akaifuata reli taratibu, akisimama kwenye kila kiungo, akiguna, akiendelea. Mwisho akarudi na hukumu.

"Zimelegea. Zikazwe."

"Zote?"

"Zote. Mpaka zilie."

Gilbert akampa spana ili amwonyeshe inavyotakiwa. Mzee Boga aliipokea, na mkono wake ukajua mara moja kwamba ile ni ya ishirini na nne, bila kusoma namba. Spana kama hiyo aliwahi kuwapa watu labda mara elfu. Ila yeye mwenyewe hakuwahi kuivisha nati. Aliivisha nusu, akaegemea kwa uzito wake wote, spana ikachomoka, naye akajikuta ameketi mchangani, miguu imenyooka mbele yake.

Mtunza bustani akageuka akatazama maua.

"Ndivyo wanavyoanza," Hafsa alimwambia Twaiba kwa sauti ya kutosha. "Kwanza wanapima mchanga."

Gilbert alimwinua mzee, akachukua spana, akazikaza boliti zote yeye na wenzake wawili, mpaka zikalia kweli. Ilipofika saa tano kigari kilikwenda na kurudi mara tatu bila tatizo, na meneja alikuja akampa Mzee Boga mkono. Mzee Boga alimtazama mkewe. Hafsa aliinua bilauri yake kidogo, kama mtu anayekubali kwa sasa.

Saa saba, jua likiwa limesimama utosini, kigari kiliteremka na mananasi na matikiti ya chakula cha mchana. Walikuwa wamesimama pale pale walipokiona. Katikati ya bustani reli ilikuwa imeinua mgongo kama paka aliyeamshwa. Kigari kilipanda juu ya mgongo ule, kikafikiri kidogo, kikalala ubavu. Tikiti moja lilipasuka. Mananasi yaliteremka yenyewe hadi bwawa la kuogelea, na mgeni mmoja mnene aliyekuwa akiogelea akaliokota moja, akaliinua juu, akawa hajui ampe nani.

Mzee Boga alikwenda kwenye chumba cha wafanyakazi cha kusalia, akasali adhuhuri, na alipomaliza hakutoka. Hafsa alimkuta amekaa kibarazani karibu na viatu, kile kitambaa chenye chuma kikiwa magotini.

Alikaa kando yake. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na la kuchekesha.

"Wameudhika?" aliuliza Mzee Boga.

"Wanaokota mananasi."

"Nirudi nyumbani kwa miguu?"

"Ukifika Msambweni tu utakuwa umechoka." Alimpangusa mchanga begani. "Waambie, Baba Feisal. Yule kijana halali kwa sababu ya reli hii. Mwambie kweli, akatafute mtu mwingine."

"Na Twaiba?"

"Twaiba ni wetu. Atatucheka miaka miwili, kisha ataolewa asahau."

Mzee Boga akainuka. Alimkuta Gilbert amepiga magoti kwenye kile kiungo, akitoa vipande vilivyovunjika na kuviweka kwenye ndoo.

"Bwana Gilbert, nina neno," alisema. "Reli sikuifunga mimi. Nilikuwa mtu wa stoo. Waliofunga ni wengine, mimi niliwapa vifaa dirishani. Unisamehe kwa kukupotezea siku."

Gilbert akaketi pale pale mchangani.

"Mzee, hata mimi nikwambie. Mimi ni fundi wa friji. Meneja aliniuliza kama reli naziweza, nikamwambia nitajaribu."

Walitazamana. Aliyeanza kucheka ni Gilbert, akacheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wenye grisi, na Mzee Boga naye akalegea akaketi kando yake. Ili tu asikae bure, alitia mkono kwenye ndoo, akatoa boliti iliyokatika.

Aliipitishia kidole gumba pale ilipokatika. Akaipitishia tena.

"Hii haikulegea," alisema polepole. "Boliti iliyolegea hurudi imeliwa, imekuwa nyembamba shingoni. Hii imekatwa kama kwa kisu. Zilizokatwa hivi zililetwa kwangu miezi ya joto, Januari, Februari. Nilimuuliza mnyapara mmoja, Randu, mbona hivi? Akaniambia, reli ikipata jua hurefuka. Ikikosa nafasi, husukumana na mwenzake, na kati yao hao wawili anayeumia ni boliti."

Gilbert aliacha kucheka. "Mimi nimezigusanisha kabisa, ncha kwa ncha. Nilitaka zisipige kelele."

"Nami nimekwambia ukaze mpaka zilie." Mzee Boga alitikisa kichwa. "Lete hicho chuma bapa."

Kile chuma kilikuwa kimepasuka. Mzee Boga alikigeuza, akatafuta ufa ulipoanzia, akafunua kile kitambaa chake akaweka vyuma viwili kando kando, cha Voi na cha Diani. Nyufa zote mbili zilianzia chini, zikapanda juu.

"Ufa wa chini ni wa shimo," alisema. "Kiungo kikiwa hakina cha kukalia, gurudumu likipita kinazama, kinakunjika, siku moja kinakataa. Chimba hapo uone."

Gilbert akachimba kwa mikono. Chini ya kiungo mchanga ulikuwa umechukuliwa na maji ya bomba la bustani, na mataruma mawili, zile mbao zinazobeba reli, yalikuwa yananing'inia hewani.

Hafsa alikuwa amesogeza kiti chake karibu bila watu kujua. "Unayajua yote hayo?" aliuliza.

"Kilichovunjika chote kilipitia dirishani kwangu," alisema Mzee Boga. "Hupewi kipya hujaleta cha zamani. Na mtu aliyevunjikiwa hana haraka, Mama Feisal. Anataka kueleza. Mimi nilikuwa nasikiliza."

Jioni hiyo hiyo walikwenda Bongwe kwa fundi wa vyuma aitwaye Mramba. Mzee Boga alimwonyesha ile fishpleti. Alieleza kwamba iwe nene, iwe na midomo juu na chini ili iingie barabara kwenye kiuno cha reli, na kwamba matundu ya kwenye reli yawe mapana kuliko boliti ili chuma kiwe na mahali pa kutembea. Mramba aliipima kwa mkono.

"Mzee wangu, hiki ni chuma cha treni. Kigari chenu kinabeba taulo."

"Basi kitengeneze cha taulo," alisema Mzee Boga. "Lakini umbo liwe hili hili."

Jumatatu zilikuwa tayari, jozi arubaini, ndogo, nyeusi, bado zikinuka moto. Kazi ya kufunga ilianza Jumanne mapema. Mzee Boga hakushika spana. Aliletewa kiti, akakikataa, akachuchumaa kwenye kila kiungo. Mataruma yalishindiliwa kokoto chini yake. Kila chuma kilipakwa grisi kabla ya kuvishwa. Ilipofika kuacha nafasi kati ya reli na reli, Gilbert akauliza iwe kiasi gani.

Mzee Boga akafumba macho, akasugua kidole gumba na cha shahada, kama mtu anayepima kitambaa. Magenge yalikuwa na vipande vidogo vya bati vya kupimia, naye alivitoa na kuvipokea miaka yote ile. "Ni hivi," alisema, akionyesha vidole vyake, na hakuna aliyeona kitu.

Hafsa alikwenda kwa mfagiaji, akachomoa chelewa chache kwenye ufagio wake, akampa mumewe. Mzee Boga akajaribu moja. Akajaribu mbili pamoja, upande wa mashina. "Hizi," alisema. Basi viungo vyote vya hoteli ile vilipimwa kwa chelewa mbili, na mfagiaji akadai ufagio mpya.

"Nati zitazame wapi, ndani ama nje?" aliuliza Gilbert.

"Moja ndani, moja nje, kwa zamu."

"Mbona?"

"Treni ikiacha njia, gurudumu hupita upande mmoja na kuzinyoa nati zote za upande huo. Waliniletea fishpleti kama hizo. Nati mbili zimenyolewa, mbili nzima kabisa. Nikamuuliza Randu. Akasema hizo mbili nzima ndizo zilizoishikilia reli."

Gilbert alirudia maneno hayo kwa wenzake kana kwamba ameyasoma chuoni.

Jaribio lilifanywa Jumatano saa saba kamili, kwenye jua lile lile. Zile chelewa zilikuwa zimeshatolewa, na Mzee Boga alipita kiungo kwa kiungo akitazama nafasi zikiwa zimebaki nyembamba, karibu kufumba, wala hazikufumba. Meneja alitaka kwanza kibebwe kitu kisichovunjika. Walikuwa bado wanajadiliana ni kitu gani Hafsa alipopanda, akajifunga leso vizuri, akaweka mkoba wake magotini.

"Mama Feisal, shuka," alisema Mzee Boga. "Bado hatujui."

"Wewe unajua. Au hujui?"

Mzee Boga alikitazama kiungo cha kwanza. Kisha akasema, "Ninajua."

Gilbert akabonyeza kitufe. Kigari kiliondoka, kikateremka bustanini kikipiga kwenye kila kiungo, tak, tak, tak, mlio mdogo ulio sawasawa. Mzee Boga alitembea kando yake kwa haraka, goti bovu na yote, akiinama kusikiliza, mkono mmoja ukiwa tayari kumdaka mkewe. Walifika ufuoni. Wapishi walikuwa wametoka kutazama, wakapiga makofi.

"Umeogopa?" Mzee Boga aliuliza, akihema.

"Kwa nini niogope? Wewe ndiye uliyekuwa ukikimbia."

Hakushuka. Alisema arudishwe juu, kwa kuwa upande wa bahari alikuwa ameukosa.

Walipofika Munje habari zilikuwa zimeshatangulia. Garama alikuja usiku haujaingia, na wenzake watatu, kutaka kusikia. Mzee Boga aliwakaribisha, akangoja kahawa iletwe, akawaambia wazi: hakuwahi kufunga reli, hakuwa na genge, hakusimamisha treni yoyote kwa kanzu. Alikuwa mtunza stoo.

Wageni walisikiliza kwa makini. Garama akatabasamu, akamgeukia aliye kando yake.

"Mnaona watu wanaojua kazi walivyo?" alisema. "Hawajisifu."

"Ni kweli nawaambia," alisema Mzee Boga. "Muulizeni Mama Feisal."

Wote wakamtazama Hafsa, aliyekuwa anamimina kahawa. Hafsa alimjazia kila mtu kikombe, mmoja baada ya mwingine, bila haraka.

"Mimi sijui mambo ya reli," alisema. "Ninachojua ni kwamba nimepanda, na sikuanguka."

Siku hizi gari la hoteli humfuata Mzee Boga kila Alhamisi. Gilbert humwekea kwenye ndoo kila kilichovunjika wiki nzima, bawaba, mnyororo, pangaboi, naye hukaa nacho akikigeuza na kuuliza kilikuwa kikifanya nini kilipovunjika, mchana au asubuhi, kikiwa na mzigo au kitupu. Hafsa huenda naye. Husema anakwenda kwa sababu ya goti la mumewe. Lakini Twaiba anasimulia kwamba mkaza mjomba wake akiteremka tu kwenye gari huuliza kama kigari kiko juu au chini, na kama kiko chini hungoja pale pale stoo, mkoba mkononi, mpaka kiletwe.